Kompyuta kuukuu, bando dogo: nichague kivinjari gani?

SWALI: Assalamu alaikum, fundi. Nina kibanda cha kuchapa na kupiga kopi huku Langoni, Lamu, na kompyuta mbili za mezani nilizonunua kuukuu. Ya kwanza ina Windows 10 na RAM ya GB 4. Ya pili ina Windows 7 na GB 2. Zote natumia Chrome. Siku hizi kufungua ukurasa mmoja wa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ni kungoja mpaka mteja aanze kuguna. Ile ya Windows 7 imeandika kwamba haitapata masasisho tena, na kila asubuhi nikiiwasha inakataa tovuti nyingi, inasema muunganisho si salama, mpaka kijana wangu aje arekebishe saa. Intaneti natoa kwenye simu kwa bando, nalo linakwisha kabla ya adhuhuri. Kijana aniambia nitoe Chrome niweke Opera kwa sababu inabana data. Jirani asema Brave. Fundi mmoja amekuja na flashi, ataka kuniwekea kivinjari chepesi ambacho sijawahi kukisikia. Sitaki kujaribu vitu ovyo, hii ndiyo riziki yangu. Niambie nichukue kipi, na kwa nini.

JIBU: Waalaikum salaam, dada yangu. Nakupa jibu kwanza na maelezo baadaye, maana una wateja. Kwenye mashine ya Windows 10 weka Firefox iwe ndiyo ya kazi za kila siku, uiongezee kiendelezi, yaani kijiprogramu kinachopachikwa kwenye kivinjari, cha kuzuia matangazo kiitwacho uBlock Origin. Edge, ambayo ilikuja na Windows yenyewe, iache ilipo iwe ya akiba kwa tovuti zitakazoikataa Firefox. Mashine ya Windows 7 ni habari nyingine: shida yake si kivinjari, ni mfumo ulio chini yake, na nitaifikia. Opera haitakubania data kama kijana anavyodhani. Na fundi wa flashi mshukuru, umrudishe na flashi yake.

Kabla hujapakua chochote, tutenganishe makosa ya kivinjari na yale ambayo kinasingiziwa, kwa sababu katika malalamiko yako naona matatu, na hakuna hata moja ambalo kivinjari kipya peke yake kitalimaliza.

La saa ndilo rahisi. Ndani ya kompyuta, kwenye ubao mama, mna betri ndogo ya duara iitwayo CR2032. Hiyo ndiyo inayoshika tarehe na saa mashine ikiwa imezimwa. Ikiisha nguvu, kila ukichomoa waya au stima ikipotea usiku, kompyuta inaamka ikiamini ni mwaka ule iliotengenezwa. Na kila tovuti yenye alama ya kufuli ina cheti, na cheti kina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta inayodhani tuko 2010 ikikutana na cheti cha mwaka huu inakiona ni kitu ambacho bado hakijaanza kutumika. Inakataa, na inafanya vyema kukataa. Weka Firefox, Brave au kingine chochote, utakutana na onyo lilelile. Nenda kwa fundi wa saa au duka la rimoti ukanunue betri hiyo. Ni kitu cha bei ndogo. Zima mashine, chomoa waya ukutani, ibadilishe, kisha uweke tarehe sawasawa. Mpaka siku hiyo usizoee kubofya pale panapokuruhusu kuendelea hivyo hivyo. Siku onyo litakapokuwa la kweli, mkono utakuwa umeshazoea kulipuuza.

La bando linahitaji uchunguzi kidogo. Kompyuta iliyounganishwa na hotspoti ya simu haijui kwamba unalipia kila megabaiti. Inadhani iko kwenye waya wa ofisi usio na kikomo, basi inajipakulia masasisho ya Windows, inapandisha mafaili OneDrive, ghala la mtandaoni la Microsoft, inasasisha programu ambazo hujazifungua mwaka mzima, yote wakati wewe umeinama kwenye mashine ya kopi. Kwenye Windows 10, ingia kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao na intaneti, utafute ukurasa wa matumizi ya data. Utaona orodha ya programu na kila moja imekula kiasi gani kwa siku 30 zilizopita. Ukiona Windows yenyewe inashindana na Chrome kileleni, umempata mwizi. Kisha gusa jina la hotspoti yako ukawashe ile swichi ya kuiambia Windows kwamba muunganisho huu unapimwa. Kuanzia hapo masasisho makubwa yatangoja. Usiyaache yangoje milele, lakini: mara moja kwa mwezi ipeleke mashine mahali penye waifai, au nunua bando la usiku, uyaruhusu yamalizike.

La uzito lina sababu zaidi ya moja. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja wakati mashine imekwama, utazame namba mbili: kumbukumbu (ndiyo RAM) na diski. Kama diski inasoma asilimia 100 hata kivinjari kikiwa kimefungwa, basi hata ukibadilisha vivinjari kila wiki utaendelea kungoja. Mashine nyingi kuukuu zina diski ya zamani yenye sahani inayozunguka. Kuiondoa na kuweka diski ya SSD, isiyo na kitu kinachozunguka, hata ile ndogo kabisa, kutakupa wepesi ambao hakuna kivinjari duniani kitakachokupa. Ukipata nafasi ya kuongeza RAM kutoka GB 4 hadi 8, ongeza. Na kwa huku kwetu pwani nasisitiza jambo ambalo watu wa bara hawalifikirii sana: hewa ya bahari. Chumvi na vumbi hushikamana na feni na vipoza joto, mashine inapata moto, na prosesa ikipata moto hujipunguzia mwendo yenyewe isiungue. Ifungue kasha mara mbili kwa mwaka uipulize, na usiibane ukutani mahali pasipopita upepo.

Haya, sasa kivinjari.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba vivinjari unavyotajiwa si vingi kama majina yake. Ndani ya kila kimoja mna injini, sehemu inayosoma msimbo wa tovuti na kuugeuza kuwa ukurasa unaouona. Chrome, Edge, Opera, Brave na Vivaldi zote zinatumia injini moja iitwayo Blink, inayotokana na mradi wa Chromium ambao Google ndiyo inayouongoza. Ni majahazi matano yaliyochongwa kwa kiolezo kimoja, kila nahodha akapaka rangi yake na kutundika tanga lake. Kwenye Windows, katika vile vikubwa vinavyosasishwa na timu kubwa, Firefox peke yake ndiyo yenye injini yake, Gecko. Safari ya Apple nayo ina yake, ila Apple iliacha kuitoa kwa Windows tangu 2012.

Haikuwa hivi siku zote. Opera ilikuwa na injini yake, Presto, ikaiacha 2013. Microsoft ilikuwa na yake pia, na mwezi Januari 2020 ikaitoa Edge mpya iliyojengwa juu ya Chromium. Hili linanihusu kuliko kasi na rangi, kwa sababu tumeshawahi kuishi chini ya kivinjari kimoja na tunajua ilikuwaje. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 karibu dunia nzima ilikuwa kwenye Internet Explorer. Toleo la 6 lilitoka 2001, na kwa kuwa hapakuwa na wa kushindana naye, Microsoft haikutoa toleo la 7 mpaka 2006. Miaka mitano watu walikaa na kivinjari chenye matundu, virusi vikiingia humo, na tovuti zikiandikwa kumfaa yeye tu. Kilichoivunja hali ile ni Firefox, iliyotoka toleo lake la kwanza kamili Novemba 2004, ikabebwa na watu wa kawaida walioichagua mmoja mmoja. Unapoweka Firefox pale Langoni unaipa kazi yako zana nzuri, na wakati huohuo unakuwa mmoja wa wale wanaomlazimisha mwandishi wa tovuti kujaribu kazi yake kwenye injini zaidi ya moja. Mimi naliamini hilo kwa dhati, lakini nisingekushauri kwa imani hiyo peke yake. Zana isipofaa riziki yako, isikae.

Inafaa, na sababu kubwa ni bando. Sehemu nzito ya kurasa nyingi siku hizi si habari uliyoifuata. Ni matangazo, video zinazojicheza, na vijiprogramu vya kufuatilia unakoenda. Vyote hivyo vinapakuliwa kwa pesa yako na kukaa kwenye RAM yako. Kiendelezi cha uBlock Origin huvizuia kabla havijapakuliwa, ndiyo maana mashine inapumua na bando linarefuka kwa pamoja. Ukibofya alama yake utakuta pia swichi ya kuzuia picha na video kubwa kwenye tovuti uliyopo. Kipimo kilichowekwa tangu mwanzo ni KB 50. Kwenye tovuti ya habari iwashe. Kwenye eCitizen au mahali pa kupakia picha ya mteja iache, usije ukazuia kitu cha lazima. Kuna magazeti yanayoandika habari zetu za pwani na yanaishi kwa matangazo. Kama lipo unalolipenda na matangazo yake hayakusumbui, lipe ruhusa, ni kubofya mara moja tu.

Swali linakuja: kwa nini usiiweke uBlock Origin kwenye Chrome yako ukabaki hapo hapo? Huwezi tena. Viendelezi huandikwa kwa kufuata kanuni zinazowekwa na mwenye kivinjari. Kanuni za zamani za Chrome ziliruhusu kiendelezi kukagua kila ombi kabla halijatoka kwenye mashine. Kanuni mpya, ziitwazo Manifest V3, zinakitaka kiendelezi kikabidhi orodha yake mapema, na kivinjari ndicho kinachoamua kwa mujibu wa orodha hiyo. Juni 2024 Google ilianza kuvizima viendelezi vya kanuni za zamani, na uBlock Origin kamili ikatolewa. Iliyobaki kwenye Chrome ni toleo dogo liitwalo Lite, ambalo ni afadhali kuliko kukosa kabisa, lakini uwezo wake ni mdogo. Mozilla, wenye Firefox, wanazikubali kanuni zote mbili, kwa hiyo ile kamili inafanya kazi humo. Ukienda kuitafuta hakikisha neno Origin lipo kwenye jina. Yapo mengine yenye jina linalofanana, na mwenyewe ni tofauti.

Kuhusu RAM nitakuwa mkweli: Firefox haitakufanyia muujiza. Kila kivinjari cha kisasa hutenga tovuti moja na nyingine, kila moja ikaendeshwa peke yake, ili tovuti mbovu isichungulie kilichomo kwenye tovuti ya benki. Chrome ililifanya hilo kuwa la kawaida kwenye kompyuta mwaka 2018, Firefox ikafuata mwishoni mwa 2021. Usalama huo unalipiwa kwa RAM. Kwenye GB 4 uwe na kurasa nne au tano wazi, si ishirini. Firefox ina ukurasa wa kukuonyesha nani anakula nini: andika about:processes pale juu panapoandikwa anwani, uifunge ile iliyovimba. Ukiona RAM inakaribia kujaa, andika about:unloads, kuna kitufe kitakachoulaza ukurasa usioutumia bila kuufunga.

Kasoro za Firefox usizifumbie macho. Zipo tovuti, hasa za ofisi na za kampuni, ambazo waandishi wake walijaribu kwenye Chrome tu. Utakuta kitufe hakibonyezeki au fomu haipakii faili. Hapo ndipo Edge inapokufaa. Huhitaji kuipakua, injini yake ni ileile ya Chrome, na ina mpango wa kuzilaza kurasa zisizotumika. Ikitokea, fungua Edge, maliza kazi ya mteja, funga. Kasoro ya pili ni ya fedha: sehemu kubwa ya mapato ya Mozilla hutoka kwa Google, inayolipa ili injini yake ya kutafutia iwe ndiyo inayotangulia ndani ya Firefox. Kwa hiyo huyu mshindani analishwa kwa kiasi kikubwa na yule anayeshindana naye. Halinifurahishi. Hata hivyo msimbo wa Firefox uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, na unaweza kubadilisha injini ya kutafutia kwenye mipangilio ukaweka unayotaka. Na kama uliwahi kuijaribu zamani ukaiona nzito, jua kwamba Novemba 2017 ilijengwa upya kwa sehemu kubwa; ile ya kabla ya hapo na hii ya sasa hazifanani mwendo.

Sasa mashauri uliyopewa.

Kijana wako amekumbuka kitu cha kweli, ila amekipeleka mahali pasipo pake. Opera Mini ya kwenye simu ndiyo inayobana data: ukurasa hupitia kwanza kwenye seva za Opera, hupunguzwa uzito huko, kisha huletwa kwako. Opera ya kompyuta nayo ilikuwa na kitu cha namna hiyo kikiitwa Turbo, lakini kiliondolewa miaka iliyopita. Inachokupa leo ni kizuizi cha matangazo cha ndani na hiyo wanayoiita VPN ya bure, njia ya kuficha unakotoka mtandaoni. VPN hiyo hufanya kazi ndani ya kivinjari peke yake, haigusi programu nyingine za kompyuta, na haipunguzi bando hata chembe. Opera ilianzia Norway, na tangu 2016 wenye hisa kubwa ni wawekezaji wa China. Si kivinjari kibaya. Ila kwa shida yako hakina la ziada, na kimejaa vikorokoro vya pembeni ambavyo mashine ya GB 4 haivihitaji.

Jirani hakukosea. Brave imejengwa juu ya Chromium, lakini kizuizi chake cha matangazo kimeandikwa ndani ya kivinjari chenyewe, si kiendelezi, kwa hiyo zile kanuni mpya za Google hazikigusi. Ukiisakinisha tu inaanza kuzuia, huna la kupanga. Aliyeianzisha, Brendan Eich, ndiye aliyeiunda JavaScript, lugha ya kuandikia programu za tovuti, na alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Mozilla. Kinachonizuia kuiweka mbele ya Firefox ni mambo ya sarafu za kidijitali iliyoyabeba: pochi, zawadi za kutazama matangazo, vitufe vya kukualika humo. Mwaka 2020 iligundulika kwamba ilikuwa ikiongeza kiungo chake cha kulipwa kamisheni mtu alipoandika anwani za baadhi ya masoko ya sarafu hizo. Kiongozi wake aliomba radhi na jambo likarekebishwa. Ukiipenda, itumie badala ya Edge kama kivinjari chako cha pili, uzime yote yanayohusu sarafu.

Vivaldi nakutajia kwa kifupi. Imeanzishwa na Jon von Tetzchner, aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa Opera, na toleo lake la kwanza kamili lilitoka 2016. Unaweza kupanga kurasa mbili upande kwa upande, kuandika maelezo, hata kusoma barua pepe humo. Mwenye nyumba ya wageni pale Shela anayeshika buking za tovuti nne kwa wakati mmoja angeifurahia, akiwa na mashine yenye nguvu. Wewe bado.

Sasa hicho chepesi cha kwenye flashi. Hapa nataka unisikilize vizuri. Kivinjari ndicho mlango ambao dunia nzima inaingilia kwenye kompyuta yako. Kila mwezi matundu mapya hupatikana, na kampuni zenye wahandisi wengi hukesha zikiyaziba. Kivinjari cha watu wawili watatu, hata wakiwa waadilifu, hakiwezi kwenda mwendo huo. Vipo vya namna hiyo vinavyoheshimika, kama Pale Moon, inayotumia injini iliyochepuka kutoka Gecko ya zamani na ambayo bado inahudumiwa. Mtu anayejua anachokifanya anaweza kuitumia kusomea. Lakini wewe unaingiza nambari za vitambulisho vya watu, PIN zao za kodi za KRA, nywila zao za barua pepe. Haramu kubahatisha na amana ya watu. Tena hata kama flashi ile ina Firefox yenyewe, hujui ni toleo la mwaka gani wala imepitia mashine ngapi. Kivinjari kitoe kwa mwenyewe: Firefox kwa mozilla.org, Brave kwa brave.com, Vivaldi kwa vivaldi.com. Iandike anwani kwa mkono wako, usitafute jina halafu ukabofya la kwanza lililotokea, maana mara nyingi la juu ni tangazo na aliyelilipia anaweza kuwa tapeli.

Tuje kwenye mashine ya Windows 7. Microsoft iliacha kuihudumia kwa watumiaji wa kawaida tarehe 14 Januari 2020. Chrome ya mwisho inayokubali humo ni toleo la 109, la Januari 2023, na ndiyo sababu ya ujumbe unaouona. Brave, Edge na Vivaldi zinakaa juu ya Chromium ileile, kwa hiyo kuzikimbilia hakukutoi hapo. Firefox ya mwisho kwa Windows 7 ni tawi la 115 la ESR, lile la muda mrefu, ambalo Mozilla iliendelea kulitolea viraka vya usalama kwa muda baada ya Chrome kuondoka. Faida nyingine ni kwamba Firefox hubeba orodha yake yenyewe ya wanaoaminiwa kutoa vyeti, haitegemei ile ya Windows iliyozeeka. Kama huna budi kuitumia mashine hiyo wiki hii, weka hiyo, tena kiraka chake cha mwisho kabisa, uitumie kusoma na kuchapa tu. Mambo ya kodi, benki na nywila za wateja yapeleke kwenye ile mashine ya Windows 10.

Dawa yenyewe ni kuitoa Windows 7. Kuipandisha Windows 10 kwa GB 2 za RAM ni kuitesa. Mimi ningeweka Linux Mint, mfumo mwingine unaokaa mahali pa Windows, toleo lake lenye mandhari nyepesi ya Xfce: ni bure, inasasishwa, na inakuja na Firefox mpya ndani yake. Kima chake cha chini ni GB 2, ila kwa raha tafuta 4. Vipande vya RAM vya mashine za umri huo hupatikana kwa mafundi kutoka kwenye kompyuta zilizokufa. Hakikisha kwanza prosesa ni ya biti 64, maana Mint za sasa hazikubali biti 32. Utakachokosa ni Microsoft Office; utakuwa na LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi mafaili ya Word vizuri kwa barua na wasifu wa kazi. Fomu za Excel zenye makro, kama zile za kujaza ritani za kodi, zifanyie kwenye mashine ya Windows. Jaribu Mint kutoka kwenye flashi kwanza bila kusakinisha, uone kama inaitambua printa yako. Kwa kibanda cha kopi, printa ikikataa kila kitu kimekataa.

Na Windows 10 usiisahau: muda wake wa kawaida wa huduma uliisha tarehe 14 Oktoba 2025, ingawa Microsoft iliweka mpango wa kuongeza mwaka mmoja wa viraka kwa wanaojiandikisha. Jiandikishe. Firefox inaendelea kutoa matoleo mapya kwa mfumo huo, lakini kivinjari kipya juu ya mfumo usiozibwa ni nusu ya ulinzi.

Hujauliza kuhusu wateja wenyewe, ila siwezi kuliacha. Mtu anaingia kwenye barua pepe yake, anachapa, analipa, anakwenda Mkunguni kuwahi boti, na akaunti imebaki wazi. Anayekaa kiti hicho baada yake ana maisha yake yote mkononi. Kwenye Firefox ya mashine ya wateja ingia kwenye mipangilio ya faragha, uchague isikumbuke historia kabisa, na uzime ile ya kuuliza kama ihifadhi nywila. Kisha uwe na desturi ya kufunga kivinjari chote, madirisha yote, kila mteja anapoinuka. Kikifungwa, kuingia kwake kunafutika. Kwenye mashine yako mwenyewe, ukihifadhi nywila, weka nywila kuu ya Firefox, kwa sababu bila hiyo yeyote atakayekaa mbele ya kompyuta iliyo wazi anaweza kuzitumia kuingia kwenye akaunti zako.

Kuhama kwenyewe ni kazi ya jioni moja. Pale mozilla.org usichukue kile kisakinishi kidogo ambacho kikishafunguliwa kinaanza kupakua tena. Nenda kwenye ukurasa wa matoleo yote, uchague lugha na mfumo wako, upakue faili zima, ulihifadhi kwenye flashi yako safi. Siku ukirudisha Windows upya unalo tayari, hulipii mara mbili. Firefox ikifunguka mara ya kwanza itakuuliza kama ilete alamisho na nywila kutoka Chrome. Alamisho zitakuja bila shida. Nywila zikikataa, zitoe Chrome kama faili la CSV, uliingize Firefox, kisha ulifute papo hapo na pipa la taka ulimwage, kwa sababu faili hilo ni maandishi matupu, yeyote akilifungua anazisoma zote.

Chrome usiiondoe siku hiyo. Iache wiki mbili, na katika wiki hizo pitisha kila kazi unayoifanya kwa wateja kwenye Firefox: eCitizen, iTax ya kodi, fomu za mikopo ya wanafunzi za HELB, barua pepe, kupakua na kuchapisha PDF. Andika kwenye karatasi tovuti inayokataa, uibandike ukutani karibu na kompyuta ili na kijana ajue kwamba hiyo hufunguliwa kwa Edge. Wiki mbili zikiisha, rudi kwenye ule ukurasa wa matumizi ya data uulinganishe na wa mwanzo. Kama bando bado linakatika kabla ya adhuhuri, niandikie tena na uniambie ni programu gani iliyo juu ya orodha.